Kibanda cha Magomeni na nyumba 14 za Reading

Mwaka 2019 rafiki yangu alinivuta kwenye semina ya bure ya uwekezaji wa nyumba, hotelini hapa Reading, Uingereza. Jamaa aliyesimama mbele, suti imembana, saa inametameta, alituambia ana nyumba 14 na kazi aliacha akiwa na miaka 31. Picha za nyumba zikawa zinapita ukutani. Semina ya bure ilipoisha ikatangazwa ya kulipia, na mashine ya kadi ilishawekwa mlangoni inatusubiri.

Mimi ubishi nimerithi. Anwani moja ilionekana kwenye picha, nikaiandika. Huku ukiilipa Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, paundi 3 (ndiyo bei ya wakati ule, sasa ni 7) unaoneshwa nyumba ni ya nani. Jina lililotoka halikuwa lake. Wakati wa chai nikamuuliza taratibu, naye akakiri kwa sauti ya chini: nyumba ameikodi nzima, anaipangisha chumba kimoja kimoja. Si kosa kisheria. Ila mpangaji ni mpangaji, hata akiwa na wapangaji wake.

Wenye nyumba kweli nao wana lao. Fungua Companies House, daftari la serikali la kampuni, tena bure, utakuta kampuni ndogo na chini yake rehani zimepangana, kila nyumba na benki yake. Mara nyingi robo tatu ya bei ni mkopo. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza, iliyokuwa asilimia 0.1 mwaka 2021, ilifika 5.25 Agosti 2023, na wawekezaji niliokuwa nawafuata mtandaoni wakapoa kama chai ya jana. Mmoja sasa anafundisha watu namna ya kupunguza uzito.

Sasa njoo Magomeni, Dar es Salaam. Baba mkubwa ana nyumba ya Kiswahili pale, vyumba sita na korido katikati, choo na bomba uani. Anayo nyingine Temeke, ambayo mimi niliijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Ukimkuta barazani na msuli wake na kandambili, ukamsifia, atakwambia, "Aa, kibanda tu hiki mwanangu, tunajisitiri." Mpangaji mgeni humdhania mpangaji mwenzake.

Nilipokuwa kijana nikiona ule ni unyenyekevu. Siku hizi nahesabu nusu unyenyekevu, nusu kujificha: husuda, ndugu wenye ada za shule, watu wa kodi. Serikali yenyewe ilichoka kuwasaka wenye nyumba, mwaka 2021 ikaihamishia kodi ya jengo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayekatwa ni aliyenunua umeme, mara nyingi mpangaji. Na mzee akifa, warithi ndiyo kwanza wanaanza kuulizana ile ya Temeke ilikuwa ya nani.

Sisi tulioko nje tuna unafiki wetu pia, na huu hausemwi. Mtanzania akichukua uraia wa Uingereza anaupoteza wa kwao, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haikumpa asiye raia nafasi ya kumiliki ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji. Watu walifanyaje? Waliandikisha kwa jina la dada au kaka. Kwenye harusi za huku wanakuonesha kwenye simu "nyumba yangu ya Goba", lakini kwenye karatasi ni ya shemeji, na shemeji analijua hilo vizuri kabisa.

Palipo na giza namna hiyo tapeli hahitaji taa. Mwaka 2014 nilituma hela ya kiwanja njia ya Bagamoyo. Dalali akanirushia picha ya mkataba wenye muhuri. Niliposhuka kwenda kukiona nikakuta tumeshakuwa watatu, kila mtu na mkataba wake na muhuri wake. Tukasimama juani tunaoneshana makaratasi, mama mmoja akaanza kucheka hadi akakaa chini. Nikirudi mjini nilikuwa nasoma kuta: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Rangi nyekundu, herufi zimepinda.

Simsifu Mwingereza kwa ukweli. Yule wa suti angedanganya hata mbele ya mama yake. Ila kumnasa kulinigharimu paundi 3, wakati dalali wangu alinigharimu kiwanja kizima na nauli ya ndege.

Mwaka jana nilimpitia baba mkubwa. Baada ya shikamoo na kahawa ya pili akaniuliza, "Na wewe huko umejijengea?" Nikaamua kusema kweli yote. Nikamwambia ninayo nyumba ya vyumba viwili, lakini ni ya benki, nitailipia miaka 22 mingine, na nikikosa kulipa wanaichukua.

Akacheka, akanigonga goti. "Ahaa! Sasa umekua. Umejifunza kuficha."