Usiku Tuliomsubiri Suheli

Darubini aliniletea mjomba aliporudi kutoka Maskati, imefungwa kwenye boksi pamoja na kijitabu chembamba. Darubini haina kosa. Kilichoniponza ni kijitabu.

Ndani mlikuwa na jedwali la nyota, kila nyota na namba zake mbili, kama namba za viwanja. Ile ya pili niliielewa upesi: nyota iko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya ikweta ya anga, nayo ni ikweta hii hii yetu, ukiipandisha kichwani hadi mbinguni. Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa usiku baada ya Shira, iko nyuzi 52 na dakika 42 kusini. Sisi wa Pangani tuko nyuzi 5 na ushei kusini. Nikatoa, nikajumlisha: ikifika kileleni itakuwa upande wa kusini, nyuzi 43 juu ya upeo wa macho. Ngumi ya mkono ulionyooshwa huziba kama nyuzi 10, kwa hiyo ngumi nne na vidole. Siku hiyo hata chai nilikunywa kisomi.

Sasa namba ya kwanza. Iliandikwa: saa 6, dakika 24.

Hapo pana la kuuliza? Saa sita na dakika ishirini na nne. Mchana nyota hazionekani, basi ni usiku. Nikafunga kijitabu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha, anga limetakata. Nikatangaza mtaani: anayetaka kumwona Suheli aje uwanja wa mpira saa sita usiku. Wakaja tisa. Babu, aliyekula ujana wake kwenye majahazi, tulimbebea kiti cha plastiki.

"Mbona usiku mno, mjukuu wangu?"

"Ndiyo saa yake, Babu. Imeandikwa."

Akanitazama, akajifunika shuka, akanyamaza. Mtu mwenye akili angeuogopa ule unyamavu.

Saa sita na dakika ishirini nikaelekeza darubini kusini, ngumi nne na vidole. Dakika ya ishirini na nne ikafika. Nikachungulia. Mlikuwa na kinyota kimefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikampisha muuza kahawa.

"Hii ndiyo ya pili kwa kung'aa?" akauliza. "Basi ya tatu tutaipapasa."

"Imechelewa kidogo," nikasema. Naam, nyota nimeisema imechelewa, kama basi la Tanga.

Hapo ndipo tochi tatu zilipotumulika. Sungusungu. Nami nawaelewa: watu kumi wamesimama kimya gizani usiku wa manane, wanne wamevaa kanzu nyeupe, wamezunguka chuma chenye miguu mitatu. Hata mimi ningesema ni wanga.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunamsubiri Suheli," akadakia muuza kahawa, Mungu amsamehe.

"Suheli nani? Anatokea wapi?"

"Kusini."

"Amebeba nini?"

Nikajaribu kueleza. Kila nilipotaja nyuzi waliangaza chini wazitafute. Mwishowe mkubwa wao akamgeukia Babu, maana mzee hasemi uongo mbele ya wajukuu.

"Shikamoo mzee. Huyo Suheli mnamjua?"

"Marahaba. Namjua tangu niko baharini. Hata leo nimemwona, natoka kuswali Magharibi, yuko chini kule kusini-magharibi. Kabla ya saa tatu keshazama."

Tukageuka wote. "Babu! Mbona hukusema?"

"Mlisema imeandikwa."

Asubuhi yake ndipo niliposoma ukurasa niliouruka. Saa zile si za ukutani. Duara zima la anga limegawanywa saa 24, zinahesabiwa kuelekea mashariki, kuanzia pale Jua linapoivuka ikweta ya anga kila Machi. Kwa hiyo saa 6 na dakika 24 ni anwani ya Suheli, si miadi. Na saa ya anga huitangulia ya kwetu kwa dakika kama 4 kila siku, saa 2 kwa mwezi. Usiku ule, saa sita yetu ilipogonga, kileleni palikuwa na nyota za saa ya 17. Mgeni wangu alikuwa amepita kileleni saa kumi na kitu nyuma, nami nimesimama kituoni na ngumi zangu nne.

Halafu nikapiga hesabu nyingine, hii ndiyo iliyoniuma. Mwishoni mwa Desemba, hapa hapa Pangani, Suheli anafika kileleni, nyuzi 43, mnamo saa sita na dakika ishirini na nne usiku. Ya ukutani kabisa!

Nimeshawatangazia. Mpaka sasa aliyekubali kuja ni sungusungu mmoja tu, naye kauliza kama safari hii Suheli atakuja peke yake.