Nyumba ya mama Moshi, iuzwe au ibaki?

Hii ishu ipo kwenye familia yetu kwa hiyo naiongelea kwa uchungu kidogo. Mama mkubwa anakaa peke yake Moshi mjini, nyumba ya vyumba vitano waliyojenga na marehemu mume wake taratibu, tofali kwa tofali, watoto wanaishi Dar na mmoja Mwanza, na kila Desemba tukipanda huku hoja ni ileile, nyumba iuzwe mama atafutiwe sehemu ndogo.

Wanaotaka iuzwe tusiwabeze. Bati linavuja, vyumba vitatu havijafunguliwa tangu msiba, bafuni kuna ngazi na mama miguu inamsumbua, mi mwenyewe nimemkuta usiku anatembea ameshika ukuta. Vyumba viwili, choo ndani, karibu na kanisa na hospitali, na chenji ikabaki ya matibabu, hapo kuna ubaya gani?

Ila kaa nae wiki moja. Stoo kuna masufuria makubwa ya shughuli, mtaa ukipata msiba wanakuja kuazima kwake, ndo maana haipiti siku bila mtu kupiga hodi. Akihamia mtaa mwingine nani atampigia hodi? Tulijaribu kumpunguzia vitu, tukaanza na kabati la vyombo, siku nzima vikatoka vikombe sita tu maana kila kikombe kina historia yake, na sioni kama tulipoteza muda.

Wengine wanasema arudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Kihamba cha kwetu kina makaburi na masale, ile mimea ya heshima ya Wachaga, hicho hakiuzwi, lakini kwa desturi ya Kichaga nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, na huyo ameshaoa, sasa mama arudi akaombe chumvi kwa mkamwana wake?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hela. Dalali akishaingia kila kitu kinakuwa haraka, hela ikipitia akaunti ya mtoto, huyu ana ada, yule biashara imekwama, nyumba ya vyumba viwili ya mama inakuwa ya mwakani. Kuna mzee namfahamu, mwaka wa tatu huu analala chumba cha wageni kwa mwanae. Halafu makaratasi: hati ikiwa bado ina jina la marehemu hakuna wa kuuza mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi ateuliwe, na kwa familia ambayo wazazi wote wawili wako hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia. TRA, mamlaka ya mapato, nao wanataka kodi yao kabla jina halijabadilishwa.

Kwa hiyo mi sipingi kuuza, napinga kuuza kabla mama hajawa na funguo za pale anapoenda, tena kwa jina lake, na hela iingie akaunti yake. Na kabla ya hapo kwa nini tusijaribu kuziba bati, kuondoa ile ngazi, na kupangisha vyumba vya nyuma kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika? Mama angepata kodi kila mwezi na sauti za watu usiku.

Desemba hii nitaomba aanze kuongea yeye. Vikao vyote tulivyokaa kuhusu nyumba yake, mama alikuwa jikoni anatupikia.