Rangi ya rimu mnaisingizia bure

Mwaka jana mwezi wa pili nilipeleka rimu zangu nne za alloy (alumini ya mchanganyiko) zipakwe rangi kwa fundi mmoja hapa Kampala, laki mbili na nusu, zikatoka zinang'aa mpaka jirani akauliza kama ni mpya. Mvua za Machi hata hazijakolea nikaona malengelenge. Nikabandua moja kwa kucha, chini nikakuta unga mweupe umetambaa kwenye vijinjia vyembamba kama vya mchwa, na vyote vinaanzia pale ukingoni zile risasi za balansi zinapobana.

Narudi kwa fundi ananiambia, "Boss, rangi za siku hizi feki." Sikubali. Rangi ilikuwa sawa tu, shida ni kwamba haikuwa na kitu cha kushika.

Watu wanasema alumini haishiki kutu, nusu ya ukweli hiyo. Ina kingozi chake cha asili, chembamba mno, nanomita chache tu, kinaizuia hewa isiendelee kuila. Lakini rimu sio alumini tupu, nyingi zimechanganywa na silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, halafu ongeza brashi ya waya ya chuma ambayo mafundi wetu wanasugulia, inaacha vipande vidogo vya chuma vimejichomeka mle ndani, sasa unyevu ukipenya chini ya rangi kila kipande kinakuwa kama kabetri kadogo. Hapo mchwa wako wameshapata kazi.

Kiwandani kabla ya rangi kuna hatua ambayo huku kwetu tunairuka. Rimu inaoshwa grisi, inaliwa kidogo na asidi, halafu inapita kwenye maji yenye chumvi za metali, zirkoni au titani. Asidi inaichokoza alumini, pale pale juu makali ya asidi yanapungua, basi zirkoni inaganda hapo hapo na kuwa ngozi mpya iliyozaliwa kwenye alumini yenyewe. Sio rangi hiyo, huwezi hata kuiona vizuri kwa macho, ila rangi ikikaa juu yake haitoki kirahisi.

Kuna dawa ya zamani ya kazi hiyo hiyo, ya kromu, inayoacha rangi ya dhahabu, ya tangu enzi za ndege za vita, na nakiri ni kali kweli, ukikwaruza inatoa kromu yake yenyewe kuziba mkwaruzo. Lakini hiyo ni kromu sita, ile aina ya kromu yenye sumu, inasababisha kansa ya mapafu, na Ulaya tangu Septemba 2017 hutumii kromu traioksaidi, kemikali mojawapo ya kromu sita, bila kibali maalum. Kwa hiyo mtu akikuletea jerikeni ya maji yenye rangi ya machungwa haina lebo, ati "ya ndege hii", tafadhali mwambie arudi nayo. Vijana wetu wanafanya kazi bila glavu, maji wanamwaga mtaroni.

Tena hata hizo dawa mpya sio juisi, nyingi zina floridi, glavu na miwani lazima.

Mimi nilifanya ya mtu wa kawaida. Msasa badala ya brashi ya waya, sabuni, thina kwa kitambaa safi (sio kile kilichofuta injini jana!), halafu nikamwaga maji. Maji yakitandaa kama shuka, rimu ni safi, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta, rudia. Nilirudia mara tatu fundi ananicheka. Baada ya hapo praima ya asidi, ile rangi ya chini inayoing'ata alumini, kisha rangi yenyewe siku hiyo hiyo. Haifikii ya kiwandani, ila ni mbali sana na kupuliza silva juu ya vumbi.

Pesa ilitosha rimu mbili tu. Hizo zimemaliza mvua za Septemba mpaka Novemba bila lengelenge hata moja, zile zenye mchwa nimezifunga upande wa ukutani jirani asipopita.