Msiseme "Taasisi Imara" Bila Kutaja Kifungu cha 77

Kila inapotajwa Korea Kusini na usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, rais wake alipotangaza sheria ya kijeshi na Bunge likaizima, hakosi mtu wa kusema: "Wenzetu wana taasisi imara." Kauli hiyo inaniudhi. Usiku ule taasisi ziliyumba vibaya. Polisi walifunga mageti ya Bunge, wanajeshi wakapelekwa hadi Tume ya Uchaguzi, na amri ya kijeshi ikapiga marufuku shughuli za Bunge na vyama. Kilichoiokoa nchi ni kifungu kimoja cha Katiba ya 1987, na watu waliokijua kiasi cha kujua wakimbilie wapi.

Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi karibu saa nne na nusu usiku. Kifungu cha 77 kinasema wabunge wengi wakidai iondolewe, rais lazima aiondoe. Tena wingi huo ni wa wabunge wote 300, si wa waliohudhuria. Basi walitakiwa 151 ukumbini kabla ya askari kuingia. Spika Woo Won-shik, mzee wa miaka 67, aliparamia uzio. Wasaidizi wa wabunge wakarundika meza na viti milangoni, wakawapulizia askari unga wa mitungi ya kuzimia moto. Nje, raia walisimama mbele ya magari ya jeshi; wanaikumbuka Gwangju ya Mei 1980, mji ambako jeshi liliwaua raia waliopinga utawala wa kijeshi.

Askari walikwisha kuvunja madirisha, wabunge wakimpigia Spika kelele apigishe kura papo hapo. Akakataa. Alitaka hoja isajiliwe kwanza, maana azimio lenye dosari ya utaratibu lingempa rais kisingizio cha kulipuuza. Dakika zile zingeweza kuponza kila kitu, na bado naamini alikuwa sahihi. Saa saba na dakika moja usiku matokeo yalikuwa kura 190, hakuna hata moja ya kupinga, 18 zikitoka chama cha rais mwenyewe. Pa kubishia hapakuwapo.

Nakubali, kifungu kina tundu: hakimwambii rais atii ndani ya muda gani. Yoon alitangaza kutii karibu saa kumi na nusu alfajiri. Nakubali pia kwamba askari wenyewe walisita. Mahakama ya Katiba ilisema hivyo.

Na hatari haikuisha alfajiri ile. Tarehe 7 Desemba hoja ya Bunge ya kumshtaki rais ili aondolewe madarakani ilikwama: chama chake kilitoka nje, zikabaki kura 195 wakati zilitakiwa 200. Wiki moja baadaye zikapatikana 204. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba yenye majaji sita tu kati ya tisa, na kumwondoa rais kunahitaji majaji sita wakubaliane. Jaji mmoja tu angepinga, Yoon angerudi ofisini. Wawili wakaongezwa tarehe 31 Desemba, na tarehe 4 Aprili 2025 wote wanane wakamwondoa. Ile nafasi ya tisa ilikuwa bado wazi.