Kirusi hakizoei dawa, kinakosea kunakili

Jamani tuache kusema mafua ya ndege "yameizoea" dawa, kama mlevi na pombe. Kirusi hakizoei kitu. Kinachotokea ni hivi, jeni zake ziko kwenye vipande 8 vya RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kukitengeneza) na kikijinakili hakina wa kukisahihishia, so kila nakala inatoka na makosa yake, mengi hayana faida au yanakimaliza chenyewe, ila siku dawa ikiingia, kale kamoja kenye kosa linalokafaa ndo kanabaki uwanjani peke yake.

Chukua hili badiliko wanaloliita H275Y. Kirusi kina kimeng'enya kinaitwa neuraminidasi, we kione kama mkasi, kinakata virusi vipya viachane na seli viende kuambukiza kwingine. Oseltamiviri (dawa ya mafua, ndo Tamiflu hiyo) inaziba mdomo wa mkasi, lakini ili ikae sawa kuna asidi amino moja (tofali la kujengea protini) mle ndani lazima ijigeuze kuipisha. Sasa pale tofali namba 275, histidini ikiondoka ikakaa tairosini, ambayo ni nene zaidi, yule jirani anabanwa hageuki, dawa inaishia mlangoni. Na ni herufi moja tu ya RNA imebadilika! Zanamiviri, dawa nyingine ya kuziba mkasi huohuo, yenyewe haihitaji kupishwa hivyo, ndo maana hapo bado inapiga kazi.

Badiliko hili lilikutwa Vietnam mwaka 2005 kwa wagonjwa wa H5N1 (mafua ya ndege) waliokuwa wanatumia oseltamiviri, na kuna waliofariki. Wataalamu wengi walijipa moyo kwamba kirusi chenye H275Y ni goigoi, hakitafika mbali. Haya, kuanzia 2007 hadi 2009 H1N1 ya msimu (mafua ya kawaida ya binadamu) ikazunguka karibu dunia nzima na H275Y yake, kumbe mabadiliko mengine yalishatangulia kwenye jeni ileile yakakipa nguvu mapema.

Ndo maana mimi nikisikia maabara imepima nafasi moja ikasema "dawa inafanya kazi" huwa siridhiki, someni vipande vyote 8 bana, hayo mabadiliko mengine yanayokisaidia kirusi hayaonekani ukichungulia kwa tundu moja. Na nchi inayojaza ghala kwa Tamiflu peke yake inacheza kamari. Amantadini, dawa ya mafua ya zamani, tunayo kama mfano, badiliko moja la S31N kwenye protini ya kirusi iitwayo M2 na dawa kwisha habari yake, halafu mwaka 2005 tukasikia China kuna wafugaji walikuwa wanawapa kuku dawa hiyohiyo. Kuku!