Daftari la mistari linatosha
Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu kufuatilia afya anadai kwamba mtu asiye na simu janja au saa ya kielektroniki hawezi kufuatilia mwenendo wa afya yake kwa uhakika, na hapo ndipo sikubaliani naye. Mama yangu, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alipoambiwa ana shinikizo la damu, nilimnunulia kipimo cha presha na daftari la shule, ambalo tulilitundika kwa uzi kwenye msumari kando ya jiko. Kila asubuhi huketi kimya dakika 5, hupima, kisha huandika namba zote mbili, ya juu na ya chini. Jioni huweka alama moja kwa dawa aliyomeza, moja kwa kutembea kutoka sokoni, na nyingine ikiwa amekula kayabo, maana Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifikie gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na samaki wa chumvi humfikisha mtu hapo upesi mno. Wiki ya tatu alinionyesha mwenyewe, kwa kidole chenye magamba ya dagaa, kwamba vipimo vilivyozidi 140 kwa 90 vilifuata siku alizoondoka alfajiri kuwahi mitumbwi bila kumeza dawa. Tangu hapo dawa hukaa juu ya ndoo ya dagaa, hawezi kuinyanyua bila kuziona. Je, kuna msomaji aliyepeleka daftari kama hili kliniki, na daktari akalisoma kwa makini?