Ukinifungia breki, niache nikague

Karibu na Soni, milima ya Usambara, ukiwa unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, maporomoko huanza kusikika kabla hujayaona. Siku ile, nikiwa kwenye pikipiki yangu, mimi nilisikia kitu kingine. Ka-ka-ka, nyuma ya mguu wangu wa kulia, kila nikikanyaga breki. Nikapuuza kona mbili, ya tatu nikasimama pembeni, nikainama.

Pikipiki nyingi zetu za breki za dramu, zile zinazobania ndani ya kitovu cha tairi, zina upau wa chuma unaotoka kwenye chuma kinachobeba tairi la nyuma na kwenda kuishika sahani ya breki, kile kifuniko kinachobeba breki. Kazi yake ni kuizuia sahani hiyo isizunguke pamoja na tairi. Upau wangu ulikuwa umebaki na nati iliyoshikilia uzi mbili tatu za mwisho. Kotapini haikuwepo kabisa. Nati ile ingedondoka, halafu nikakanyaga breki, sahani ingezunguka na kuvuta fimbo ya breki inayotoka kwenye pedali, tairi likajifunga lenyewe. Mbele yangu kulikuwa na kona, nyuma yangu lori la kabichi.

Breki hiyo ilikuwa imefungwa jana yake, nyuma ya nyumba yangu, chini ya mparachichi. Aliyeifunga ni jirani yangu, bodaboda wa siku nyingi, kakubali kunisaidia bure. Mimi nilikuwa nampa spana. Niliona kwamba jua linazama na mikono yake inaharakisha, nikawaza nipitishe jicho, nikanyamaza. Ni mkubwa kwangu, anaijua pikipiki kuliko mimi, na ananisaidia. Nimwambie nini? "Kaka, hebu nikukague"? Nilimwambia ahsante, nikamletea chai.

Nikisimulia kisa hiki, mtu wa kwanza atakayedakia atasema ndiyo maana breki hupelekwa kwa fundi. Hapana, sikubali. Kijana wa mkataba ana hesabu ya kumpelekea tajiri wake kila jioni, na nusu siku ya kukaa gereji ni nusu siku ya njaa. Kwa hiyo hafungui. Anabana nati ya fimbo kidogo wiki hii, kidogo wiki ijayo, mpaka shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zinaisha nyama na chuma kinaanza kula dramu. Kusaidiana nyumbani Jumapili ndiko kunakofanya breki zifunguliwe kabisa. Spana mbili, praizi, msasa na tambara lenye maji, ndani ya saa moja tairi limetoka na kurudi. (Tambara lenye maji, narudia. Tuna mtindo wa kupuliza vumbi la breki kwa mdomo, na baadhi ya shuu, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto. Lile si vumbi la kuvuta.)

Tena ukifungua mwenyewe unaona maisha yako yalivyo. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini huko kwa karibu kilomita nzima, na kati yake kuna kona za kilomita 30 na ushei. Wengi wetu tunateremka fri, yaani bila gia, ili tuokoe petroli. Pikipiki ikiwa fri, uzito wote, pamoja na abiria na gunia la karoti, unabebwa na breki peke yake. Dramu linapata moto, linatanuka, linajitenga na shuu, na pedali inaanza kuzama. Halafu Jumapili unafungua unakuta shuu zimeng'aa kama kigae cha chooni. Jirani yuleyule ndiye aliyenionyesha hili, akakwaruza ile ng'aro kwa msasa na kusema, "Hii siyo breki, hii ni fri yako." Tangu hapo nateremka na gia ya pili au ya tatu, injini inavuta nyuma. Kelele inaongezeka, ndiyo. Sidhani kama kuna petroli ya kuokoa kwenye mteremko ule inayofikia bei ya seti ya breki shuu, achilia mbali bei ya goti.

Lakini kusaidiana huko huko ndiko kunakosambaza ujanja mbaya. Kuna wa bati: shuu zikiisha, mtu anakunja kipande cha bati na kukivisha pale kamu, kile chuma kinachozunguka kutanua shuu, inaposukumia, breki zinapanda. Kuna wa kuhamisha mkono wa breki jino moja kwenye meno ya kamu, pedali inarudi juu kama mpya. Nyama haijaongezeka hata chembe. Kamu imelazimishwa kuzunguka zaidi ya inavyopaswa, na ikizidi inaweza kukwama ikiwa imefungua shuu, yaani tairi linabaki limekamatwa. Sahani za pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama ya mwisho. Kanyaga breki, mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha. Habari ya bati isikae hapo.

Na breki ya mbele, jamani. Nimekaa vijiwe vingi nikasikia kwamba breki ya mbele inamwaga mtu, na nimeona pikipiki ambazo waya wake umelegezwa makusudi. Ukipiga breki, uzito mwingi unakwenda mbele, na tairi la mbele ndilo linaloshika barabara kuliko la nyuma. Kinachomwaga mtu ni kuikwapua ghafla, tena kwenye changarawe au matope, au katikati ya kona. Sisi watu wa milimani tunaogopa dawa, tunaacha ugonjwa.

Breki za diski nazitazama kwa jicho jingine. Pedi hubadilishwa nyumbani bila shida. Mafuta yake ndiyo yanayohitaji mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, kwa sababu hewa ikibaki kwenye mpira unaopitisha mafuta, breki inakuwa laini kama sponji. Chupa iliyofunguliwa mwaka juzi si ya kutumia, maana mafuta hayo hufyonza unyevu. Na anayeshauri ujazie oili ya injini anakuharibia mipira yote ndani. Basi.

Nirudi kwenye mparachichi. Siku ile nilirudi nyumbani polepole nikiwa nimebana nati na kupitisha kipande cha waya mahali pa kotapini, na sikujua nitasemaje. Nilimwonyesha tu jirani ule waya. Alikaa kimya, akashika kichwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Sasa wewe ulikuwa umesimama pale unaangalia nini?"

Alikuwa na haki. Mimi nilidhani ninampa heshima, kumbe nilikuwa namwachia mzigo peke yake. Mtu akichoka anasahau, awe fundi wa miaka 20 au mwanafunzi, na jicho la aliyefunga huona kile alichokusudia kufanya. Shida yetu tunaosaidiana majumbani wala si ujinga wa breki. Mengi tunayajua. Tunaoneana haya. Tumejifunza kushukuru haraka, na shukrani ikishatoka mdomoni hakuna anayeinama tena.

Kwa hiyo pale kwangu tumekubaliana kwamba aliyefunga hakagui. Anakagua mwingine, na mara nyingi tunampa mdogo kuliko wote, mtoto wa dada yangu, ambaye bado anajifunza. Anavuta ule upau kwa mkono wote. Anagusa kotapini ya upau na ya ekseli kwa kidole, maana macho hudanganya jioni. Anazungusha tairi asikie kama linakwaruza, anakanyaga pedali mara kadhaa. Kisha mwenye pikipiki anakwenda taratibu uwanja wa mpira, palipo tambarare, bila abiria. Shuu mpya zinahitaji muda kukaa sawa na dramu, hivyo hashuki Mombo siku hiyo.

Mwanzoni kijana alikuwa akiona aibu. Alikuwa anasema, "Shikamoo mjomba, naomba niangalie," kama anayeomba mkopo. Siku hizi anachuchumaa tu, sisi tunaendelea na stori. Jumapili iliyopita alikaa chini muda mrefu kidogo, akauliza kotapini hii mbona haijakunjwa miguu. Jirani akanitazama. Tairi hilo nilikuwa nimelifunga mimi.